Seng'enge ya Njia ya Akheri

Jumapili, 5 Machi 1995
Daktari kasema niandike presha yangu kila siku. Leo: 170 kwa 105. Nimeandika. Sasa kalamu iko mkononi na ukurasa umebaki mweupe, na mimi sijawahi kununua kitu nikatumia nusu, kwa hiyo nitaandika na mengine.

"Mama Nice, unakaa sana," kaniambia. Mimi! Niliyeanza kwa kutandika gunia chini pale sokoni, nauza misumari ya kupima kwa kopo, jua la kwangu, mvua ya kwangu. Baba Nice alipokwenda kuanzisha mji mwingine huko Moshi, nani alinishika mkono? Hakuna. Leo biashara zimefunguliwa, nina duka la vifaa vya ujenzi lenye milango miwili, nimepata kiti, naambiwa kiti ndicho kinaniua.

Dawa niliyopewa ni vidonge na kutembea. Vidonge sawa. Nice naye, bila kuniuliza, kapeleka jina langu kwenye kundi moja linalotembea porini kila Jumamosi kutazama maua. Jumamosi! Siku ya mauzo! Anasema duka atalisimamia yeye. Ana miaka ishirini na mmoja na tayari anajua kunifukuza dukani kwangu.

Jumamosi, 11 Machi
Tulikutana Sanawari, hapa mjini, saa moja asubuhi. Mwenye kundi ni Mwalimu Kaanaeli, Mmeru wa Akheri, alifundisha baiolojia hadi akastaafu. Mrefu, mkavu, kofia ya ukili. Hatozi kitu. Mimi kitu cha bure hukikagua mara mbili.

Nilivaa viatu vya kisigino kifupi kwa sababu hakuna aliyeniambia. Yupo mmoja anaitwa Eunike, nesi, Mmachame, mdomo wake hauna breki. Akaviangalia, akasema wote wasikie: "Mama Nice, leo tunatembea. Kipaimara ni mwezi ujao." Wakacheka. Hata Abdiel alicheka, yule kijana aliyepunguzwa benki, ambaye hana hata cha kuchekea. Naandika hapa nisisahau.

Tukazunguka Ziwa Duluti. Mara Mwalimu akainua mkono, tukasimama kimya. Nikadhani nyoka. Kumbe ua. Jekundu, la duara, limechomoza ardhini peke yake bila hata jani, kama brashi ya waya ya kusugulia kutu, ukubwa wa kichwa cha mtoto.

"Hili linakaa chini ya ardhi mwaka mzima," Mwalimu akasema, "linasubiri mvua ya kwanza."

"Na sisi tunasubiri nini?" nikauliza. "Si tumeshaliona?"

"Hesabu nyuzi zake, Mama Nice. Naambiwa wewe ni mtu wa hesabu."

Nadhani alinidharau. Nilihesabu hata hivyo. Nilipovuka mia Eunike akapiga chafya nikapoteza.

Jumatatu, 13 Machi
Malengelenge mguu wa kulia. Presha 168. Sijaona faida.

Jumamosi, 18 Machi
Nimenunua raba za mtumba. Eunike kazitazama, hakusema kitu, na hilo nalo lilinikera.

Leo tumepanda Akheri. Unaacha barabara ya Moshi, unapita kahawa na migomba ya watu, halafu unaingia njia nyembamba inayopanda kuelekea msituni. Mvua ilikuwa imenyesha, tope kama sabuni ya mche. Pembeni magugu yamefunga hadi kifuani. Nilijikwaa nikashika mmea nisianguke, nikaona nimeshika isale, limejificha humo kwenye majani kama mtu anayeoga. Nikaliachia haraka. Kwetu Kibosho isale ni mmea wa mipaka na wa heshima, halishikwi ovyo.

Juu kuna chemchemi. Maji yanatoka kwenye mwamba, na kinamama wa Akheri wanachota hapo, na watoto wao wanachapana na ndoo. Pembeni ya maji kuna viua vya waridi vyenye kimkia nyuma kilichopinda kama ndoano ya samaki. Mwalimu alituambia mama yake alikuwa akimtuma hapo kila asubuhi kabla ya shule, na hapo ndipo alianza kutazama mimea, kwa sababu foleni ilikuwa ndefu.

"Ukipita chemchemi ukapanda tena kama saa mbili," akasema, "kuna uwanda wa wazi ndani ya msitu. Mwisho wa masika kuna ua pale. Sisemi lilivyo. Watakaokuwa wamebaki mpaka Juni nitawapeleka."

"Na ambao watakuwa wamekufa kwa tope?" Eunike akauliza.

"Nitawapelekea moja kaburini."

Nilicheka. Ilinitoka tu.

Jumamosi, 25 Machi
Mvua. Hatukwenda. Nilikaa dukani nikagundua nachungulia nje kila mara kama mlima umefunguka.

Jumatano, 29 Machi
Presha 158. Nice anasema "umeona, Mama?" mara nne tangu asubuhi. Nimemwambia akahesabu bawaba.

Jumamosi, 8 Aprili
Oldonyo Sambu, upande mkavu wa mlima. Huko mvua ni ya kuonjesha, lakini nyasi zilikuwa zimechanua viua vyeupe vyeupe hadi upeo, kama mtu kamwaga gunia la chokaa. Mama mmoja wa pale, Namnyaki, alikuwa anachunga ng'ombe na mwanawe. Akatuuliza tumepotea? Mwalimu akamwambia tunatazama maua. Akatucheka hadi akakaa chini. Halafu akatuonyesha mengine kwenye korongo ambayo Mwalimu mwenyewe hakuyajua, ya njano, yananuka asali. Abdiel alichuma moja akaweka kwenye Biblia. Anasema Jumatatu ana usaili, kampuni fulani ya maua ya kupeleka Ulaya, wanataka mtu wa stoo.

Eunike akanigawia nusu ya ndizi ya kuchoma. Nilikuwa nimeamua kumchukia hadi Pasaka. Sijui kama nitafika.

Jumapili, 16 Aprili. Pasaka
Misa, pilau, mvua. Presha sikupima. Kristo amefufuka, na mimi nipumzike.

Jumatano, 19 Aprili
Leo Mungu kaniona. Saa nne asubuhi kaingia kijana nadhifu, suruali ya pasi kali, viatu vinang'aa. Philemoni, wa Marangu, meneja wa lile shamba jipya la maua lililoajiri Abdiel. Mwekezaji kapewa shamba kule Akheri, chini ya msitu, wanataka kulizungushia seng'enge.

"Shikamoo, Mama. Nataka roli hamsini na mbili."

Nilikuwa nimeshika kikombe. Nilikiweka chini polepole. Katika maisha yangu sijawahi kuuza hata kumi kwa mtu mmoja.

"Shamba lenyewe lina ukubwa gani, mwanangu?"

"Mraba tu. Mita mia nne kila upande. Mistari mitano ya seng'enge."

Nikamwandikia. Nice alinikumbatia mbele ya wapakizi. Mzigo utakuja kutoka Dar kwa awamu. Nimefunga duka, nimekaa humu ndani, ninacheka peke yangu.

Alhamisi, 20 Aprili
Kitu kinanikera kwenye ile hesabu. Roli moja la seng'enge ni mita mia mbili. Mraba wa mia nne ni mita elfu moja na mia sita kuuzunguka. Mara mistari mitano, ni roli arobaini. Hamsini na mbili za nini? Labda anaogopa kupungukiwa. Wasomi hawajui kukadiria. Na mimi ni nani nimpunguzie mteja mzigo?

Jumanne, 25 Aprili
Zimeondoka thelathini za kwanza. Lori lao, wapakizi wangu. Abdiel ndiye aliyezipokea huko, kavaa koti jeupe la stoo, anasema mambo yake yamekaa vizuri. Nimefurahi kwa ajili yake, kweli.

Jumamosi, 29 Aprili
Naandika hata kabla ya kuvua raba.

Tulipanda Akheri. Asubuhi safi, mlima uko wazi hadi kileleni, umeoshwa. Nilikuwa mbele na Mwalimu, napumua bila kusimama, hata nikajisikia kujivuna. Tulipokaribia chemchemi nikaona vigingi vya sorovea, mpima ardhi. Vijiti vifupi, kichwa kimepakwa rangi nyekundu. Mwalimu hakuviona, alikuwa ameinama kwenye kiua chake cha ndoano. Mimi niliviona, na miguu ikafanya hesabu kabla ya kichwa.

Roli kumi na mbili zilizozidi. Mita elfu mbili na mia nne. Gawa kwa mistari mitano: mita mia nne na themanini. Upande mmoja mia mbili na arobaini, upande wa pili mia mbili na arobaini. Shamba halikuishia chini ya njia. Limepanda juu, likaimeza njia, likaimeza na chemchemi, likasimama ukingoni mwa msitu.

Sikusema. Eunike akaniuliza, "Vipi, presha?" Nikamwambia ndiyo.

Jioni hii nimekaa najibishana na ukuta. Nisipouza mimi atauza mwingine, maduka yako mengi siku hizi. Sheria ya ardhi siyo kazi yangu. Nimezeeka nasubiri oda kama hii. Nani aliwahi kufunga duka lake kwa ajili yangu? Haya yote ni kweli, na kila nikiyamaliza naona wale watoto na ndoo zao.

Jumanne, 2 Mei
Philemoni kaja kuchukua roli ishirini na mbili zilizobaki. Nimemuuliza kwa upole, naapa nilianza kwa upole.

"Mwanangu, ile njia ya maji mnaijua?"

"Mama, kwenye ramani hakuna njia. Kuna pori."

"Mimi nimetembea hapo kwa miguu yangu."

Akatabasamu kile kitabasamu cha ofisini. "Samahani, Mama, wewe unauza seng'enge au unauza ramani?"

Wapakizi wakacheka. Wapakizi wangu, dukani kwangu. Nikaona giza. Nikamwambia, na nilisema kwa sauti, barabara nzima isikie, kwamba mama aliyemzaa angejua anazaa mtu wa kuwafungia wenzake maji, angeliomba Mungu alikaushe tumbo lake.

Sura ilimbadilika kama mtu aliyemwagiwa kitu. Akaingia kwenye lori akaondoka na lori tupu.

Nice kasema, "Mama, mteja mkubwa kuliko wote, unamtukania mama?" Nimemwambia anyamaze. Presha 176.

Jumamosi, 6 Mei
Wameanza na ile nyongeza ya juu. Nguzo zimesimama, na mistari mitano mipya inang'aa imekata njia pale pale, hatua chache kabla ya chemchemi. Kinamama walikuwa wamesimama upande huu na ndoo tupu. Mmoja alikuwa amejichana mkono akijaribu kupita chini.

Mwalimu aliisogelea, akaigusa kwa kidole kama anavyogusa jani. "Imetoka wapi hii?"

Hakuna aliyemjibu, maana wote tulidhani anaongea peke yake. Abdiel ndiye akasema, bila ubaya, ni mtu asiyejua kuficha: "Mimi niliipokea stoo, Mwalimu. Imetoka kwa Mama Nice."

Waligeuka wote. Eunike kwa mara ya kwanza hakuwa na mzaha. "Mama Nice. Ulikuwa unajua?"

"Mimi nina duka!" nikasema. "Wewe ulitaka niuze nini, maua?"

Mwalimu alinitazama, halafu akavaa kofia yake. "Basi, turudi," akasema tu.

Tulishuka. Na njia nzima, kutoka juu hadi barabarani, hakusimama kwenye ua hata moja. Angenitukana ningemjibu.

Jumanne, 9 Mei
Mvua. 172.

Jumamosi, 13 Mei
Sikwenda. Hakuna aliyekuja kuniuliza. Sawa, nimezoea. Nimeuza bawaba, gundi, na bomba la nusu inchi.

Jumatano, 17 Mei
Eunike kaja dukani, kalowa, kakaa juu ya mfuko wa saruji bila kukaribishwa.

"Mfuko huo ukipasuka utaulipia," nikamwambia.

"Ukipasuka nitakuwa sanamu, utaniweka mlangoni nivutie wateja." Halafu akavua kitambaa akakikamua. "Mwalimu amekwenda ofisi ya kijiji mara tatu. Wanamwambia njoo kesho. Watu wanachota maji ya mtaro, Mama Nice. Nimeona watoto wawili wanaharisha."

"Na mimi nifanye nini? Nikaing'oe kwa meno?"

"Sijasema hivyo. Nimekuja kwa lingine. Nimesikia ulivyomtukana yule kijana." Akakikunja kile kitambaa magotini. "Mama yake nilimuuguza mimi, wodini. Alifariki Februari. Kijana alikuwa analala chini kwenye sakafu, pembeni ya kitanda, wiki tatu. Mtu wa digrii."

Nikakaa juu ya mfuko wa pili.

Nimetukana marehemu. Kwetu kuna makosa ya kumaliza kwa soda na kuna makosa ambayo hayaishi hivyo. Hili linaisha kwa isale. Unalibeba mwenyewe, unakwenda kwake, unamkabidhi. Anayeletewa isale hawezi kulikataa, hata kama ulimchomea nyumba. Lakini ulibebe kweli: huwezi kulibeba na huku bado unadai.

Na mimi maisha yangu yote nimekuwa upande wa kudai.

"Unafikiri nini?" Eunike akauliza.

"Nafikiri kwamba nikienda nalo, lile suala la njia siwezi kulitaja. Itakuwa nimeleta isale kama rungu."

"Basi usilitaje."

"Na maji?"

"Mwenzangu," akasema, akainuka, akakung'uta saruji, "anza na lililo lako."

Jumamosi, 20 Mei
Siku ndefu. Nitajaribu kuiandika kama ilivyokwenda.

Hapa mjini isale la kuchuma sina, na la kununua halifai. Nikakumbuka lile nililolishika siku ya tope. Nikatoka mapema, Eunike akang'ang'ania kunisindikiza, na tulipofika tulimkuta Mwalimu amekaa kwenye jiwe akiitazama seng'enge. Shikamoo akaiitikia, zaidi ya hapo hakuongeza. Vijana wawili wa Akheri, mafundi wa shamba, walikuwa wanapigilia misumari kwenye nguzo upande wa juu.

Nikaingia kwenye magugu natafuta. Nikapekua huku, nikapekua kule, miiba inanichana.

"Mama, umedondosha nini?" fundi mmoja akaniuliza.

"Natafuta isale."

Akaweka nyundo chini. Hakuuliza la nini, hilo jambo halina haja ya kuuliza. Akaja na panga akanisaidia kufyeka. Tukaliona. Pembeni yake kidogo, lingine. Akafyeka tena, lingine, shina nene kama mguu. Mwenzake akaja. Wakafyeka kushoto kwa njia, halafu kulia, na masale yalikuwa yanatoka kwenye magugu moja baada ya jingine, yamepangwa, safu mbili, yameongozana na njia yanapanda hadi kwenye maji. Juu pale, seng'enge ilikuwa imepita katikati ya mawili, imeyaegemea.

Yule kijana akaishika seng'enge, akaiachia. "Duh," akasema. "Mimi hapa sipigi tena msumari. Wanifukuze tu."

"Hata mimi," mwenzake akasema. "Bibi yangu akisikia nimefunga waya kwenye masale hatanipa chakula."

Mwalimu alikuwa amesimama. Alitembea katikati ya zile safu, taratibu, akigusa majani. "Haya yalipandwa na akina bibi, kijiji kilipokubaliana njia ya maji ipite wapi," akasema. "Nilikuwa najua, halafu nikasahau kwamba najua. Nimewaleta watu hapa miaka saba kutazama maua, na kwenye haya sikuwahi hata kusimama. Yako kila mahali, nani anayatazama?"

Nikachuma jani moja. Nilimwambia Eunike abaki. Nikashuka peke yangu hadi ofisi ya shamba.

Ofisi yenyewe ni kontena lenye dirisha. Abdiel aliniona kwanza, akaona nilichoshika, akavua kofia. Philemoni alikuwa anaandika. Akainua macho.

"Mama, kama ni habari ya zile roli..." Halafu akaliona jani. Akasimama, kiti kikaanguka nyuma yake. "Mama, hapana. Usiniletee hilo."

"Nimekuletea."

"Mimi ni mdogo wako. Ni mwanao."

"Ndiyo maana ni zito zaidi. Nilimtukana mama yako, na mama yako amelala. Sikujua, lakini hata angekuwa hai sikuwa na haki. Nimekuja kwa hilo tu. Sina lingine nililolibeba."

Nikanyoosha mkono. Nilikaa nao hivyo muda ambao sitausahau. Nje mvua ikaanza kugonga kwenye bati la kontena. Akanifuata, akalipokea kwa mikono miwili, akainama, na machozi yakamtoka bila sauti, kijana wa viatu vinavyong'aa.

"Mae," akasema, kama tunavyomwita mama nyumbani. "Nimelipokea. Yameisha."

Tukakaa. Abdiel akaleta chai. Nilikuwa nimejiapia, na sikusema neno juu ya njia. Nilikuwa najiuma ulimi.

Philemoni alikuwa analigeuza lile jani. "Nitalipeleka Marangu, kwa mama, kaburini. Na yeye ajue yameisha." Halafu akakunja uso. "Hapa karibu hakuna masale. Umelitoa wapi?"

Nilimwangalia. Ameniuliza yeye.

"Juu," nikasema. "Pale seng'enge yenu inapopita."

"Pale ni pori. Sorovea alisema pori tupu."

"Sorovea siyo wa huku."

Alisimama, akachukua mwavuli, akausahau mlangoni, akaanza kupanda kwenye mvua na vile viatu. Mimi nyuma. Alipofika kwenye zile safu mbili alisimama katikati, maji yanamtiririka, anatazama juu, anatazama chini, mafundi wake wamekaa kwenye jiwe na Mwalimu na Eunike, nyundo zimelala. Mtu aliyezaliwa kwenye kihamba, shamba la ukoo lililozungushiwa masale, hahitaji kusomewa masale.

Mwishowe akauliza, "Nani ameacha kazi?"

"Sisi wote wawili, bosi," yule kijana akajibu.

"Vizuri," akasema. "Toeni waya. Turudi chini ya safu ya kwanza, hapo ndipo mpaka. Mwekezaji nitamwandikia mimi. Nitamwambia ramani ilikosea, maana kweli ilikosea."

"Akikataa?" Mwalimu akauliza.

Philemoni akapangusa maji usoni. "Atafute Mchagga au Mmeru wa kumfungia waya hapa. Akimpata, anifukuze."

Eunike akapiga kigelegele kilichoshtua ndege msitu mzima. Kinamama walianza kupanda na ndoo kabla waya wa mwisho haujashuka.

Jumatatu, 22 Mei
Presha 150 kwa 92. Nimempigia Nice kelele kwa furaha, akadhani tumeibiwa.

Jumamosi, 27 Mei
Nimepeleka roli kumi. Thelathini na kumi ni arobaini, kama nilivyohesabu tangu mwanzo. Kumi na mbili zimebaki stoo. Nice ananuna, anasema zitakula kutu. Acha zile kutu.

Mwalimu alisimama kwenye maua yote leo. Yote. Tulichelewa kurudi hadi jioni na sikulalamika sana.

Jumatano, 7 Juni
Jibu limetoka Ulaya. Abdiel kaja mbio kuniambia. Mwekezaji amekubali, ila anataka kujua "dracaena", ndivyo wanavyoliita isale, ina thamani gani kiasi cha watu kuacha kazi. Philemoni kamjibu kwamba hiyo haina bei. Abdiel ndiye aliyeichapa barua, na kazi bado anayo.

Jumamosi, 17 Juni
Ukungu, manyunyu, baridi ya kuumiza meno. Masika yanamalizika kwa kununa. Mwalimu kasema: "Wiki ijayo, walio hai."

Jumamosi, 24 Juni
Presha asubuhi: 138 kwa 86. Nimeiandika kwanza ili furaha isinisahaulishe.

Tulipokusanyika Sanawari kulikuwa na mtu wa ziada. Philemoni, na vile vile viatu.

"Hujambo, mwanangu," nikamwambia. "Leo tunatembea. Kipaimara kilishapita."

Eunike alinigeukia taratibu, mdomo wazi. "Hilo ni la kwangu!"

"Nililiandika," nikamjibu.

Tukapanda katikati ya masale. Kuna mtu ameyapalilia, yanang'aa. Kwenye chemchemi palikuwa na foleni, na Mwalimu akasalimia foleni nzima kwa majina. Kisha msitu, saa mbili za giza la kijani na mizizi, Philemoni anateleza, Abdiel anamshika. Mimi nilikuwa mbele. Naliandika hilo kwa sababu ni kweli.

Halafu miti ikaachana, tukatoka kwenye uwanda, na jua likatoka nasi.

Mimi nimeuza vyuma miaka mingi. Nimemwona fundi akiitoa nondo kwenye moto, ncha nyekundu kabisa, chini yake rangi ya chungwa, chini tena njano inapoanza kupoa. Basi uwanda mzima ulikuwa umesimamishwa nondo za namna hiyo, ila za maua, mamia, zimetoka kwenye majani zinachomwa na jua, na vindege vidogo vya kijani vinazinywa kimoja kimoja. Na juu yake mlima, karibu kiasi cha kuushika.

Eunike alinishika mkono, akasahau kuuachia.

Mwalimu akaja akasimama karibu yangu, kofia mkononi. "Haya, Mama Nice. Yahesabu."

Nilifika ishirini na kitu. Halafu nikaacha, nikakaa chini kwenye nyasi, nikayatazama.